Tanuri la pili: somo la kaboni kutoka Ufipa

Ukitoka Sumbawanga ukashika barabara ya Namanyere, kisha ukateremka hadi Kirando kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, unapita katika nchi ambayo kwa vizazi vingi ilijifulia chuma chake yenyewe. Mashambani na vichakani, mara nyingi pembeni ya vichuguu, bado yapo mabaki ya matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa huyaita malungu. Moja lake ni ilungu. Mengine yamebaki kitako tu. Mengine bado yamesimama, kuta zina nyufa na magugu yameota juu, na miguuni pake yametapakaa mavi ya chuma: mabonge meusi, mazito, ambayo hakuna aliyeona haja ya kuyahamisha.

Malungu huzungumziwa kama habari ya chuma, na ndivyo ilivyo. Lakini chuma hakitoki kwenye jiwe bila mkaa, na mkaa ni kaboni. Kaboni hiyo hiyo, ikipangwa na kutibiwa kwa namna nyingine, ndiyo inayokaa upande hasi wa betri ya simu yako na ya gari la umeme. Tanzania inayo kwa wingi ardhini, kwa jina la madini ya kinywe, na mjadala mkubwa wa sasa ni nani aifanyie kazi baada ya kuchimbwa. Mjadala huo ni mkongwe kuliko betri. Ufipa ulikwisha kupata jibu kabla mkoloni hajafika, na jibu lenyewe lilikuwa kujenga tanuri la pili.

Nchi ya malungu

Ufipa ni nchi ya juu, iliyoinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani inapanda zaidi ya hapo. Sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi. Miti ya miombo imeshika zaidi miteremko ya kushukia maziwani. Wakulima wa huku walizoea kufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, intumba, ili zioze na kurutubisha udongo. Mawe yenye chuma yalipatikana karibu na uso wa ardhi.

Tunayajua mengi kuhusu kazi hiyo kwa sababu watu kadhaa waliiandika kwa nyakati tofauti. Askofu Adolphe Lechaptois wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1913 kuhusu mwambao wa Tanganyika. Mwaka uliofuata Padri Wyckaert akachapisha makala akiwalinganisha wahunzi wa dini za jadi na wahunzi waliobatizwa. Mwaka 1937 Greig aliandika kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wafipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Baada ya Uhuru, mwaka 1969, Mtanzania J.A.R. Wembah-Rashid alichapisha taarifa yake juu ya wahunzi wa Ufipa. Wakafuata Randi Barndon wa Norway na mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1995 na kitabu chake cha mwaka 2010 ndivyo vinavyotegemewa zaidi leo.

Mapunda alionyesha kwamba kusini magharibi mwa Tanzania haikuwepo njia moja tu ya kupata chuma. Kulikuwa na matanuri mafupi aliyoyaita katukutu. Kulikuwa na malungu marefu. Na kulikuwa na matanuri ya Barongo, mafundi waliokuja kutoka kaskazini na mivukuto yao. Njia tatu, nchi moja, na kila njia ilitumia mkaa kwa kipimo chake.

Ilungu ndilo lililowashangaza wageni. Lilijengwa kwa udongo, mara nyingi ule wa kichuguu, likapanda hadi mita 3 au zaidi, pana chini na jembamba juu. Kuzunguka kitako chake kulikuwa na matundu, na ndani ya matundu ikapachikwa mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Mivukuto haikuwepo. Kimo chenyewe ndicho kilichofanya kazi: hewa ya moto ilipanda na kutokea juu, na hewa baridi ikavutwa kuingia chini kupitia mirija, saa baada ya saa, mchana na usiku, bila mtu kuchosha mikono. Mafundi walipanga ndani kuni, mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka, wakawasha, kisha wakabaki kulinda na kusikiliza.

Kazi hii ilikuwa na miiko yake. Tanuri lilitendewa kama bibi harusi, likapambwa na kuimbiwa, na mafundi walijizuia wasiwe na wake zao wakati wa kuyeyusha. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, intangala, kilichobeba majani, mizizi na vitu vingine ambavyo bila hivyo hakuna aliyethubutu kuwasha moto. Wamisionari waliiona intangala kuwa ushirikina, wakaipiga vita. Lakini kikapu hicho kilitunza pia utaratibu wa kazi: nani ana haki ya kuianza, nini kitangulie, nini kisisahaulike. Katika jamii isiyoandika, utaalamu uliwekwa ndani ya ibada ili usipotee na usichukuliwe na kila mpita njia.

Mkaa unafanya nini

Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Kuvitenganisha ndiyo kazi yote. Ndani ya ilungu mkaa uliungua kwa hewa isiyotosha, ukatoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo ikapanda katikati ya mawe ikipokonya oksijeni iliyoshikamana na chuma. Joto lilifika kadiri ya nyuzi 1,200 za Selsiasi. Hapo uchafu wa jiwe huyeyuka na kutiririka kama mavi ya chuma, lakini chuma chenyewe, kinachohitaji nyuzi 1,538 ili kiyeyuke, hubaki bonge lenye matundu, limechanganyika na uchafu.

Kwa hiyo mkaa ulikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Ulitoa joto, na ulikuwa dawa ya kikemia. Kuni mbichi zingetoa joto pia, lakini zingejaza tanuri mvuke na moshi. Mkaa ni mti ambao umekwisha kuchomwa mara moja bila hewa ya kutosha; maji na gesi vimeondoka, kimebaki kiunzi cha kaboni chenye vinyweleo vingi. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoruhusu gesi kupenya. Mkaa mwepesi hupondeka chini ya uzito wa mawe na kuziba njia ya hewa. Mkaa wa mti mgumu husimama. Majivu yake nayo hayakuwa takataka: yana kalsiamu na potasiamu, na hivyo viliingia katika mavi ya chuma na kuyasaidia kutiririka. Potasiamu hiyo tutakutana nayo tena, karne moja baadaye, kwenye maabara ya Arusha.

Wafipa hawakuishia kwenye ilungu. Bonge lililotoka humo halikufaa kupigwa nyundo moja kwa moja. Lilivunjwa, vipande vikachaguliwa, kisha vikarudishwa motoni kwenye tanuri dogo lenye kimo kisichofika hata kiunoni, kintengwe, na hapa ndipo mivukuto ilipotumika. Kwenye kintengwe fundi aliweza kuongeza na kupunguza hewa apendavyo, akakamua uchafu uliobaki, akapata chuma ambacho mhunzi angeweza kukifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Kubwa la kwanza lilitoa wingi, dogo la pili lilitoa ubora. Jembe la Ufipa lilitolewa mahari na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine. Jiwe la chuma halikuwa na bei mpaka lipite mikononi mwa watu hao.

Fimbo nyeusi ya betri

Wakati malungu bado yanawaka, Ulaya ilikuwa ikijifunza kaboni kwa njia yake. Mwaka 1779 Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alithibitisha kuwa kinywe, madini meusi yenye utelezi ambayo watu walidhani ni aina ya risasi, ni kaboni. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri ambayo upande wake chanya ulikuwa fimbo ya kaboni iliyozungukwa na unga wa manganizi dioksidi. Ilikuwa na kimiminika ndani, na kuibeba kulikuwa taabu. Miaka 20 baadaye Mjerumani Carl Gassner akaifanya kavu, akaifungia ndani ya kopo la zinki. Hiyo ndiyo betri ya tochi.

Ilifika Tanzania na ikapata kiwanda. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na betri zenye nembo ya National zikaenea hadi vijijini, zikiendesha redio zilizowaletea watu wa Ufipa taarifa ya habari na matokeo ya mpira. Zilipoisha nguvu watoto walizipasua. Fimbo nyeusi ya katikati iliandika vizuri ukutani. Unga mweusi ulipelekwa shuleni, ukachanganywa na majani yaliyotwangwa, ukapakwa ubaoni kabla ya muhula kuanza. Ni vigumu kumpata Mtanzania wa umri fulani ambaye hakuwahi kutumwa kuleta betri kuukuu shuleni. Hivyo watoto wengi walishika elektrodi ya kaboni kwa mikono yao kabla ya mwalimu wa kemia kuitaja.

Ndani ya betri ile kaboni haikuliwa. Zinki ndiyo iliyoliwa. Kaboni ilikuwa njia ya umeme. Ilichaguliwa kwa sababu inapitisha umeme, haiozi ndani ya dawa zile, na ni rahisi. Wahandisi waliichukulia kama kitu kisichobadilika. Ilichukua karibu miaka 100 kabla watu hawajaanza kuiuliza kaboni swali lingine: je, yenyewe inaweza kuhifadhi umeme?

Kinywe kinapokaribisha lithiamu

Chembe za kaboni ndani ya kinywe hujipanga katika pembesita, na pembesita hizo huungana kuwa karatasi nyembamba mno, zikilaliana kama kanga zilizokunjwa na kupangwa sandukuni. Kila karatasi ni imara. Kinachoziunganisha moja na nyingine ni dhaifu. Ndiyo maana penseli huandika: karatasi huteleza na kubaki kwenye daftari. Na ndiyo maana kitu kidogo kinaweza kuingizwa katikati yake.

Aliyeonyesha kwa njia ya umeme kwamba lithiamu inaweza kuingia katikati ya karatasi hizo na kutoka tena alikuwa Mwafrika. Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez nchini Moroko, alifanya kazi hiyo Grenoble, Ufaransa, mwaka 1980, na matokeo yakachapishwa mwaka 1983. Kikijaa, kinywe hubeba chembe moja ya lithiamu kwa kila chembe sita za kaboni. Kwa kipimo cha mafundi wa betri, hiyo ni miliampia-saa 372 kwa kila gramu, na mpaka leo ndicho kiwango ambacho kila anodi mpya, yaani upande hasi wa betri, hulinganishwa nacho.

Kulikuwa na tatizo. Yazami alitumia elektroliti yabisi kwa sababu vimiminika vilivyotumika siku zile viliingia pamoja na lithiamu, vikazipasua karatasi za kinywe. Ndiyo sababu Mjapani Akira Yoshino, alipotengeneza mwaka 1985 betri iliyoweka njia ya zile za leo, hakutumia kinywe. Alichagua koki ya mafuta ya petroli, kaboni ambayo karatasi zake hazijapangika vizuri, na kwa sababu hiyo hustahimili. Kampuni ya Sony ilipoingiza betri za lithiamu sokoni mwaka 1991, nayo ilianza na kaboni ya aina hiyo. Mwaka 2019 Yoshino alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na John Goodenough na Stanley Whittingham. Yazami hakuwamo, ingawa mwaka 2014 alikuwa amepewa Tuzo ya Draper pamoja na Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi wa Sony.

Kinywe kilirudi pale wanakemia walipojifunza kukitibu. Mwaka 1990 kundi la Jeff Dahn nchini Kanada lilieleza kwamba kwa kimiminika kinachofaa, ethilini kaboneti, mara ya kwanza betri inapochajiwa huzuka utando mwembamba juu ya kinywe. Utando huo hupitisha lithiamu na kuzuia kimiminika. Kazi kubwa ya wanakemia wa anodi tangu hapo imekuwa kuutengeneza uso huo: kupaka chembe za kinywe tabaka jembamba la kaboni inayotokana na lami, kuuchoma uso kidogo kwa oksijeni ili kuondoa sehemu tepetevu, au kuingiza chembe za naitrojeni ndani ya pembesita ili umeme upite kwa wepesi zaidi. Ndani ya kinywe hakubadiliki kitu. Kinachobadilika ni ngozi, na ngozi ndiyo inayoamua kama betri itadumu mwaka mmoja au kumi.

Kaboni iliyoamshwa

Upande wa pili wa historia hii haukuhitaji kinywe kabisa. Ulihitaji mkaa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanakemia Raphael von Ostrejko alisajili njia za kuuamsha mkaa: kuuchoma tena pamoja na chumvi za metali, au kuupitishia mvuke na kaboni dioksidi ukiwa wa moto sana. Matibabu hayo huchimba vinyweleo juu ya vinyweleo. Gramu moja ya mkaa ulioamshwa inaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 1,000. Kwanza ulitumika kusafisha sukari, kisha katika barakoa za kukinga gesi za sumu wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Mwaka 1957 Howard Becker wa General Electric nchini Marekani alipata hataza ya kifaa kilichotumia kaboni yenye vinyweleo kutunza umeme. Hakikuwa betri kwa maana ya kawaida. Hakuna kinachoungana wala kutengana kikemia. Ioni hujipanga tu kwenye uso wa kaboni, na uso ukiwa mkubwa, ioni zinazopata nafasi huwa nyingi. Kampuni ya mafuta ya SOHIO iliendeleza wazo hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 NEC ya Japani ikaanza kuuza vifaa hivyo kwa jina la kapasita kuu. Huchajiwa kwa sekunde na hustahimili kuchajiwa mara laki nyingi, ingawa hubeba umeme mdogo kuliko betri yenye uzito sawa nayo.

Utafiti huo umefika Tanzania, na una alama ya kitanzania. Katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela huko Tengeru, Arusha, Talam Kibona Enock na wenzake, Cecil King'ondu, Alexander Pogrebnoi na Yusufu Jande, walichapisha mwaka 2017 utafiti wa kutengeneza kaboni ya kapasita kuu kutokana na tope linalobaki kwenye mtambo wa bayogesi. Mwaka huo huo walichapisha pia mapitio marefu kuhusu kaboni zinazotokana na mimea na mabaki yake kwa ajili ya kazi hiyo.

Njia inayotumika zaidi katika kazi za aina hii ni rahisi kueleza. Mabaki hukaushwa na kuchomwa bila hewa mpaka yawe mkaa. Mkaa husagwa, ukachanganywa na hidroksidi ya potasiamu, kisha ukarudishwa katika tanuri la pili, safari hii ndani ya gesi ya naitrojeni ili usiungue, kwa joto la nyuzi 600 hadi 800. Potasiamu hula kaboni kutoka ndani na kujipenyeza katikati ya karatasi zake. Mwisho mkaa huoshwa kwa asidi na maji mpaka potasiamu yote itoke na kuacha matundu. Potasiamu ikizidi, kiunzi huporomoka; ikipungua, matundu huwa machache. Joto nalo lina kipimo chake. Fundi wa ilungu angeielewa shida hiyo mara moja.

Mkaa wa mimea umefungua mlango mwingine pia. Mwaka 2000 Stevens na Dahn walionyesha kwamba kaboni ngumu iliyotokana na glukosi, aina ya sukari, inaweza kuhifadhi sodiamu kwa kiwango kinachokaribia kile cha kinywe na lithiamu. Sodiamu imo ndani ya chumvi ya jikoni. Haichimbwi katika nchi chache tu. Betri za sodiamu sasa zimeanza kuuzwa, na anodi yake ni kaboni ya namna hiyo. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi mahindi. Magunzi yake, ambayo sehemu kubwa huishia jikoni au kuoza, ni aina ya malighafi ambayo maabara nyingi duniani zimekwisha kuijaribu kwa kazi hizi mbili, kapasita na anodi ya sodiamu.

Nani anashika hatua ya mwisho

Malungu yalizimwa na soko. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalifika kwa bei ambayo fundi wa Ufipa hakuweza kuishindania, maana bei ya fundi ilihesabu miti, mkaa, siku za kulinda moto na kazi ya kintengwe. Utawala wa kikoloni haukuona sababu ya kumlinda, na kanisa halikuipenda intangala. Baada ya Uhuru serikali ilijenga kwa msaada wa China kiwanda cha zana za kilimo Ubungo, Dar es Salaam, na jembe la kitanzania likarudi madukani, ila bila chuma cha kitanzania. Hatua ya kwanza ilikuwa imehamia nchi nyingine.

Kwa kinywe hali imegeuka kinyume: hatua ya kwanza ipo nchini, ya pili haipo. Katika miaka ya 1990 kinywe kilichimbwa kwa muda Merelani, jirani na tanzanaiti, kisha mgodi ukafungwa. Leo macho yako Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, ambako kinywe cha magamba makubwa kimethibitishwa. Chini ya mabadiliko ya sheria za madini ya mwaka 2017 serikali huchukua hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia, na mwaka 2021 ilisaini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Faru Graphite kwa ajili ya mradi wa Mahenge.

Hisa ni jambo moja, kazi ni jingine. Kinywe kinachotoka kwenye mtambo wa mgodini huwa na kaboni ya asilimia 94 hadi 97 hivi. Betri haikipokei. Lazima kisagwe na kuviringishwa hadi magamba yawe vidonge vidogo vya mviringo, na katika kazi hiyo sehemu kubwa ya uzito hupotea kama unga. Kisha kisafishwe hadi asilimia 99.95, ama kwa asidi kali, ikiwemo hidrofloriki ambayo ni hatari kwa mtu na kwa mto, ama kwa joto kubwa linalokula umeme mwingi. Kisha kipakwe ngozi ya kaboni. Hatua hizi tatu, zikijumlishwa, ndizo zinazogeuza madini kuwa anodi, na zaidi ya asilimia 90 ya kazi hiyo duniani inafanyika China. Oktoba 2023 China ilitangaza kwamba kinywe cha betri kitahitaji kibali kabla ya kusafirishwa nje, na kuanzia tarehe 1 Desemba mwaka huo viwanda vya Ulaya, Korea na Marekani vikaelewa maana ya kumtegemea mwenye tanuri la pili.

Ni kweli kwamba kujenga kiwanda cha kusafisha kinywe si sawa na kujenga kintengwe. Kinahitaji umeme wa uhakika, maji, wanakemia na soko lililosaini mkataba. Rukwa yenyewe inaijua shida ya umeme: kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ikitegemea umeme ulionunuliwa Zambia na jenereta za dizeli, na ndiyo maana njia ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga imesubiriwa kwa hamu. Lakini ugumu huo usitumike kuficha hesabu. Nchi inayouza magamba ya kinywe hulipwa kwa kuchimba na kusomba. Nchi inayoyapaka ngozi hulipwa kwa kujua. Mgodi huisha. Ujuzi wa kutibu kaboni hauishi, kwa sababu unahamishika kutoka kinywe kwenda kwenye mkaa wa magunzi, kutoka lithiamu kwenda kwenye sodiamu.

Na ujuzi huo huanza mahali padogo. Taasisi ya Tengeru imekwisha kuonyesha kwamba vifaa vya kuamsha kaboni viko ndani ya uwezo wa maabara ya Tanzania: tanuri linalofika nyuzi 800, mtungi wa naitrojeni, hidroksidi ya potasiamu, na mtu anayejua anachopima. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi Rukwa, na mkoa umejaa magunzi. Wanafunzi wa sekondari za Sumbawanga na Namanyere hufundishwa jinsi chuma kinavyotolewa kwenye mawe kwa mchoro wa tanuri la Ulaya, ilhali malungu yako kilomita chache kutoka darasani, na mavi ya chuma yanaweza kuletwa mezani yakapimwa.

Wenye mamlaka ya kusaini mikataba ya kinywe wana swali moja wanaloweza kuulizwa na yeyote, bungeni au kijiweni: kati ya hatua zinazotoka kwenye jiwe hadi kwenye betri, ni ngapi zitafanyika ndani ya nchi, na kufikia mwaka gani? Wafipa, pasipo maabara wala mtaji wa kigeni, walihakikisha hatua zote ziko mikononi mwao kabla bidhaa haijavuka mpaka. Mkataba usioweza kujibu swali hilo kwa tarakimu unatuacha nyuma ya walipofika wao.